Mwembe Ambao Renja Hakutuonyesha

Mjomba alicheka karibu amwage chai. Nilikuwa nimemwambia kwamba asubuhi ile naenda msituni kutembezwa na renja, niwaone kima wa Tana.

"Yaani unalipa ili uwaone?" akaniuliza. "Mimi huwaona bure kila msimu. Wao ndio hunilipisha, tena kwa mahindi."

Mama yangu alizaliwa hapa Wenje. Mimi nilizaliwa Nairobi, na Wenje yangu ilikuwa ya Desemba tu: safari ndefu ya kupitia Mombasa na Malindi, kushuka Minjila mifupa ikiwa imelegea, kisha barabara ya kuelekea Hola. Ilikuwa maembe mpaka tumbo linauma, na mto ambao tulikatazwa kuukaribia kwa sababu ya mamba. Msituni sikuwahi kutembezwa. Nani hutembezwa kwao?

Safari hii nilitaka kutembezwa kama mgeni, kwa sababu moja. Kwenye kurasa kama hizi tunahakiki riwaya, filamu, albamu, hata memu. Matembezi ya msituni hatuyahakiki, na ilhali yana kila kitu ambacho hadithi inacho: msimulizi, wahusika, njama, hadhira, na tiketi. Watu wengi wa mjini wataijua Tana kwa saa mbili za renja kuliko kwa kitabu chochote. Basi enyewe tuulize maswali yaleyale tunayomuuliza mwandishi. Nani anasimulia? Nani amewekwa kando? Adui wa hadithi ni nani, na nani alimchagua?

Tulikuwa sita. Wapenzi wawili wenye kamera ndefu, wanafunzi wawili wa chuo, mwalimu mmoja wa shule ya upili, na mimi. Renja wetu alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, sare ya kijani iliyopauka mabegani, fimbo mkononi. Jina lake sitalitaja, kwa sababu nitakayosema hapa ni juu ya hadithi aliyopewa aisimulie, na aliisimulia vizuri.

Ukishatembezwa mara mbili tatu unaanza kuijua fani. Nimetembezwa Jozani kule Unguja, nimetembezwa Arabuko-Sokoke, na muundo ni uleule. Kwanza masharti: usipige kelele, usiwape chakula, usitupe takataka. Hii ndiyo paukwa-pakawa ya msituni, ukishaitikia, umeingia. Kisha mhusika mkuu anasifiwa kabla hajaonekana. Kisha kusubiri, shingo zikiuma. Kisha anatokea na simu zote zinatoka mfukoni kwa pamoja. Mwisho ni funzo: tuhifadhi, kwa ajili ya vizazi vijavyo. Ni ngano kamili, na kama ngano zote nzuri, haina haja ya kubadilika ili ifanye kazi.

Ndani ya fani hiyo, renja wetu ni fundi. Kipaji chake cha kwanza ni kunyamaza. Anaweza kukata sentensi katikati, ainue kidole, na sisi sote sita tukaganda. Mara ya kwanza sikusikia kitu. Mara ya pili nikasikia jani likidondoka pasipo na upepo. Akaelekeza fimbo juu ya mkuyu, na pale, kwenye kivuli, kulikuwa na mkia. Halafu mikia minne. Halafu uso mmoja ukatutazama kwa uchovu wa mtu aliyeamshwa na wageni.

"Huyo ndiye mbega mwekundu wa Tana," akanong'ona. "Hana kidole gumba. Mwangalie anavyoshika tawi, kama ndoano. Na tumbo lake ni sufuria. Majani yanachachuka humo ndani, ndiyo maana anakaa muda mrefu bila kufanya lolote. Msimwone mvivu. Anapika."

Yule mwalimu alicheka kwa sauti na kundi zima likahama tawi. Sijali. Hiyo "anapika" ni maelezo bora ya sayansi niliyosikia mwaka huu.

Baadaye kidogo tulimpata mwenzake, mangabi, yule mwenye shungi la nywele kichwani. Huyu alikuwa chini, akipekua majani makavu karibu na mikindu, akitafuta matunda na mbegu kama mama anayechambua mchele. Renja akatueleza tofauti yao kwa namna ambayo sijaisahau. Mto Tana, alisema, umezungukwa na ukame. Ukitoka kwenye miti hii mikubwa hatua mia chache, unakuta vichaka vya mswaki, mikoma, na vumbi. Kwa hiyo msitu wa hapa si msitu mmoja. Ni vipande vipande kando ya mto, na kila kipande ni kisiwa. Mangabi anaweza kushuka akatembea kwa miguu kutoka kisiwa kimoja hadi kingine. Mbega hapendi ardhi. Ukimkatia miti ya katikati, umemfungia.

Visiwa. Mimi niliyekulia Nairobi nikifikiri kisiwa ni Lamu na Unguja, nikaona kumbe nimesimama kimojawapo bila bahari. Mbega hawa wanaishi kwenye visiwa vya namna hii tu, katika kipande cha kama kilomita 60 cha mto, na popote pengine duniani hawapo. Mangabi wa Tana naye hana kwao kwingine. Mbega wa hapa ametajwa mara kadhaa katika orodha ya dunia ya kima 25 walio hatarini zaidi. Haya yote renja aliyasema, na aliyasema bila kutia chumvi.

Ni pale alipofika kwenye adui ndipo nilipoanza kukaa mkao wa mhakiki.

Tulisimama mbele ya kisiki. Kilikuwa kikubwa, kimekatwa zamani, kimeota kuvu. "Hii," alisema, "ni kazi ya binadamu." Wale wapenzi wakasema "aaah" kwa huzuni. Mwanafunzi mmoja akapiga picha. Kisha tukaelezwa juu ya mashamba yanayokula msitu, juu ya wanaokata miti, juu ya haja ya kuelimisha jamii.

Nilitazama kile kisiki nikamkumbuka babu. Babu yangu alichonga mitumbwi. Huenda kisiki kile si chake, lakini huenda ni cha mtu kama yeye, na "binadamu" ni neno kubwa mno la kumwita mtu ambaye alikuwa na jina, na shoka, na mto wa kuvuka. Sikatai kwamba mashamba yanapunguza msitu. Yanapunguza. Mjomba mwenyewe amefyeka sehemu ambayo nilipokuwa mtoto ilikuwa na kivuli. Kama ningetaka kuandika makala ya kutetea watu wa kwetu tu, ningeyaficha hayo. Lakini hadithi inapokuwa na adui mmoja, na adui huyo ndiye mtu maskini kuliko wote walio karibu na jukwaa, msomaji mzuri hushtuka kidogo.

Hatua kama hamsini mbele tukapita katikati ya miembe. Mitano, mikubwa, imezeeka, na imesimama kwa mstari. Renja alipita. Kundi likapita. Mimi nikabaki nyuma.

"Na hii miembe?" nikauliza.

"Hii ni miembe tu, dada. Twende, wenzetu wako mbele."

Miembe tu. Lakini mwembe haujioteshi kwa mstari. Mwembe ulikuja pwani yetu kutoka ng'ambo ya bahari, ukapandwa na mikono, ukamwagiliwa, ukapewa mwenyewe. Mwembe kwa Wapokomo ni kama hati ya shamba. Ukitaka kujua nani alilima wapi, uliza nani alipanda mwembe. Miti ile mitano ilikuwa ukurasa mzima, na tulipita juu yake bila kusoma.

Ukurasa wenyewe unasema hivi. Hifadhi ya kima wa Mto Tana ilitangazwa mwaka 1976, ikiwa na ukubwa wa karibu kilomita za mraba 170. Mipaka ilipochorwa, ndani na pembeni mwake mlikuwa na vijiji na mashamba ya Wapokomo, na mifugo ya Waorma iliyoshuka mtoni wakati wa kiangazi. Mwaka 1996 ukaanza mradi wa uhifadhi uliofadhiliwa kupitia Benki ya Dunia, na ndani yake mlikuwa na mpango wa kuwahamisha wakazi kwa hiari. Hilo neno "hiari" liligombaniwa vibaya sana hapa, na mradi ulifungwa 2001 ukiacha chuki kuliko ulivyoikuta. Kisha mwaka 2007 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hifadhi haikuanzishwa kwa utaratibu unaotakiwa, na ikaamuru hadhi yake ifutwe.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Kwa miaka 31 watu waliambiwa wamevamia. Halafu mahakama ikasema hata ule mstari wenyewe haukuchorwa sawasawa. Katika riwaya, hapo ndipo mambo hupinduka, pale msomaji anaporudi kurasa za mwanzo kuangalia upya nani alikuwa mgeni na nani mwenyeji. Katika matembezi yetu ya saa mbili, haikutajwa.

Kuna ukurasa mwingine uliokosekana, na huu unamhusu msomaji wa Nairobi kuliko mkulima wa Wenje. Msitu wa hapa hauishi kwa mvua. Mvua ya hapa ni haba. Ukitegemea mawingu, utaota mswaki tu. Msitu huu unaishi kwa mto: maji ya chini ya ardhi, na mafuriko yanayopanda ukingo, yanaleta udongo mpya na kuupa mche wa mkuyu pa kuanzia. Mto wenyewe hukata kona zake, huacha vidimbwi vyenye umbo la mwezi mwandamo, na hapo msitu huanza tena. Francine Hughes, aliyeuchunguza msitu huu miaka ya 1980, aliandika kwamba bila mafuriko miti mikubwa itazeeka pasipo warithi.

Sasa panda mto mpaka juu. Kindaruma, 1968. Kamburu, 1974. Gitaru, 1978. Masinga, 1981. Kiambere, 1988. Mabwawa matano mfululizo kwenye mto huohuo, ya kutupa umeme. Ongeza bwawa la Ndakaini kwenye Mto Thika, ambao ni mtoto wa Tana, linalopeleka maji kwenye mifereji ya Nairobi. Mafuriko bado huja, na watu wa hapa hawajasahau 1997, 2018 wala 2023. Lakini huja kwa namna nyingine: miaka mingi ya ukimya, halafu maji yote kwa mkupuo, yanayobeba nyumba na mahindi pamoja na udongo.

Kwa hiyo nikauliza swali langu la kihakiki. Ikiwa kisiki kinaonyeshwa, mbona swichi ya taa haionyeshwi? Simu unayosomea makala hii, huenda imechajiwa na maji ambayo yangepanda kwenye mizizi ya ule mkuyu. Wewe na mimi ni wahusika katika hadithi hii, na tumeandikiwa nafasi ya watazamaji wenye huzuni. Tunasema "aaah" mbele ya kisiki, tunapiga picha, tunarudi mjini tukiwa wasafi. Hili ndilo kosa kubwa la fani nzima, si la Wenje peke yake: inamweka adui karibu ili mgeni asijikute ndani.

Ukurasa wa tatu nitaugusa kwa haraka kwa sababu unauma. Njia ya mifugo kufika mtoni huitwa malka. Malka zikifungwa na mashamba, au zikifungwa na hifadhi, ng'ombe hawawezi kunywa na watu hawawezi kuelewana. Kuanzia Agosti 2012, ugomvi wa maji na ardhi kati ya Wapokomo na Waorma kule chini Garsen uliua zaidi ya watu mia moja. Sisemi renja awasimulie watalii mauaji kabla ya chakula cha mchana. Nasema mtu akitembezwa kando ya mto huu bila kusikia neno malka hata mara moja, ametembezwa kwenye picha ya ukutani.

Tana imezoea kusimuliwa na wengine. Majina ya kisayansi ya kima hawa wawili yalitolewa na Mjerumani, Wilhelm Peters, mwaka 1879. Mmoja akaitwa mwenye kilemba chekundu na mwingine mwenye kofia, yaani wote wawili wakavishwa kichwani na mtu wa Berlin. Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo, ilichukuliwa wakati wa ukoloni na mpaka leo iko British Museum, London. Na ule wimbo wa taifa unaokusimamisha wima uwanjani, muziki wake umetokana na bembelezi ya Kipokomo. Kina mama wa huku walilazia watoto kabla ya 1963 kuufanya wa sote. Mambo haya hayafanani kwa ubaya, na la wimbo mimi hujivunia. Lakini yote yana tabia moja: kitu kinasafiri, watu wake wanabaki nyuma bila kutajwa.

Naweza kusikia mtu akisema, dada, ulitaka nini? Renja si mwanahistoria. Kazi yake ni kukuonyesha kima na kukurudisha mzima. Ni hoja ya haki. Tena kuna hoja nzito zaidi: hadithi rahisi huokoa wanyama. Mtu hutoa pesa kwa ajili ya uso wa mbega, hatoi kwa ajili ya hukumu ya mahakama. Ukianza kueleza malka na mabwawa, huenda mgeni akachoka, na asiporudi, msitu unakosa mtetezi na kijana wa hapa anakosa kibarua.

Lakini Jozani imenifundisha kwamba hadithi inaweza kubeba zaidi na isivunjike. Kule nako kuna mbega wekundu, kima punju wa Unguja, na kule nako walikula mazao ya watu. Mwongozaji aliyenitembeza alianza na wakulima: nani alilalamika, mashamba ya nani, na vipi sehemu ya pesa ya kiingilio ikaanza kwenda vijijini. Kima walitokea baadaye, na nilipowaona niliwaona kama majirani wasumbufu wa watu fulani. Sikuwapenda pungufu. Niliwaelewa zaidi. Na hapa Tana nako msingi upo: upande wa Ndera jamii zenyewe zilianzisha hifadhi yao, na kabla ya serikali yoyote Wapokomo walikuwa na Gasa, baraza la wazee lililoamua nani alime wapi na nini kisikatwe. Wahifadhi wa kwanza wa msitu huu hawakuvaa sare. Hicho nacho ni kituo cha matembezi. Ni suala la kuamua pa kusimama.

Tulimalizia ukingoni. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya mjomba. Wenzangu walikwenda kupiga picha na mtumbwi uliofungwa hapo, na mimi nikabaki na renja kwenye gogo. Nikamwambia mama yangu ni wa hapa, nikamtajia jina la babu. Akanigeukia mzima mzima.

"Mbona hukusema mapema? Babu yako nimepanda mitumbwi yake." Akanyamaza, ule unyamavu wake. "Ile miembe uliyouliza ni ya upande wa nyanya yangu. Pale palikuwa na nyumba saba. Mimi nimekula embe la mti wa tatu kabla sijavaa viatu."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema, watu wote wakiwa pale.

"Nikisema, mgeni ataniuliza kwa nini tulitoka. Nikimjibu, ataniuliza kama ni haki. Matembezi ni saa mbili, mwanangu. Hiyo ni habari ya siku mbili." Akachora mstari mchangani kwa fimbo, akaufuta kwa buti. "Na mimi nawapenda hawa kima. Usifikiri nasema kwa ajili ya mshahara tu. Nikiharibu hadithi yao, nani atakuja kuwaona?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sina hata sasa. Mtu huyu amebeba hadithi mbili kwenye mwili mmoja na kila asubuhi anachagua moja. Uhakiki wangu wote unasimama au kuanguka hapo: si kwamba hajui. Anajua kuliko mimi na kuliko vitabu. Tunachokosa ni hadhira inayoonyesha kwamba inaweza kuhimili habari ya siku mbili, na hadhira hiyo ni sisi. Ukienda, na nakusihi uende, uliza kuhusu miembe. Uliza malka iko wapi. Uliza mara ya mwisho mto ulipanda lini na nani alifungulia maji. Msimulizi hubadilika hadhira ikibadilika. Kila bibi aliyewahi kusimulia ngano anajua hilo.

Kibandani kulikuwa na daftari la wageni. Jina, unakotoka, maoni. Waliotangulia waliandika "Pazuri sana" na "Tumefurahi kuona kima." Kwenye unakotoka niliandika Nairobi, nikaikata, nikaandika Wenje. Kwenye maoni niliandika: Miembe nayo ionyeshwe.

Renja alisoma juu ya bega langu. Hakusema kitu. Alichukua kalamu, akaongeza "mitano" baada ya neno miembe, akafunga daftari.

Jioni mjomba aliniuliza kama niliwaona kima wake. Nikamwambia niliwaona, na kwamba wana haki ya kumdai nyumba yao. Akasema sawa, na yeye anawadai gunia mbili za mahindi. Tukae chini tupige hesabu.